Mama Taratibu na Chatu wa Marehemu

Foronya yenye maua ya zambarau iko juu ya meza ya bati, na inasogea yenyewe.

Ni saa tatu asubuhi, chumba cha nyuma cha kliniki ya wanyama. Dirisha limefungwa. Upenyo wa chini ya mlango umezibwa kwa taulo kuukuu. Kwenye kona amesimama mzee mmoja mwenye koti lililopigwa pasi vizuri, kofia ameishika mbele ya tumbo, na macho yake hayabanduki kwenye fundo la foronya. Kando yake, mgongo umeganda ukutani, yupo mwandishi wa makala haya, aliyefika hapa akijiona shujaa na ushujaa wenyewe ukamwishia mlangoni.

Mwanamke aliye mbele ya meza hana haraka na mtu. Ni mnene kiasi, kilemba kichwani, viatu vya mpira miguuni. Ameweka viganja viwili juu ya foronya, kwa nje, anapapasa kama anayetafuta funguo ndani ya mkoba. Anatafuta kichwa kiko upande gani.

"Taratibu," anasema. Huenda anamwambia aliyemo ndani ya foronya. Huenda pia anawaambia wale wawili wa ukutani.

Neno hilo ndilo limekuwa jina lake. Hapa kliniki, kuanzia daktari mpaka mlinzi wa getini, hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Ni Mama Taratibu, na kazi yake ni kushika. Daktari anapotaka kumpima mnyama, lazima awepo mtu wa kumtuliza mnyama huyo ili asiumie na asiumize. Mbwa na paka hushikwa na yeyote aliye zamu. Nyoka wanaofugwa majumbani humsubiri yeye.

Leo mgonjwa ni chatu. Msomaji asikimbie: si wale wa kumeza mbuzi. Huyu ni wa aina ndogo, unene wake kama mkono wa mtu mzima, urefu hauzidi fimbo ya kutembelea, rangi ya kahawa yenye mabaka ya njano. Anaitwa Mshipi. Jina hilo alipewa na mke wa mzee huyu wa kofia, kwa kuwa tangu utotoni alipenda kujizungusha kiunoni mwa mama huyo na kutulia hapo wakati mwenyewe akipiga pasi.

Mama huyo alifariki dunia mwanzoni mwa mwaka. Mzee, ambaye ni fundi saa mstaafu, amebaki nyumbani na Mshipi. Na hapo ndipo penye mtihani, kwa sababu katika miaka yote waliyokaa watatu nyumba moja, mzee hajawahi kumgusa.

"Nimeishi na mke mwenza," anasema, akijaribu kutabasamu. Mkewe ndiye alikuwa akimshika na kumsafishia kizimba. Yeye kazi yake ilikuwa kufungua mlango na kusimama mbali. Hata foronya ya leo aliiweka wazi kizimbani, akangoja Mshipi aingie mwenyewe ndipo akaifunga.

Sasa Mshipi hali. Ni muda tangu alipomeza chochote, na mdomo wake haufungi sawasawa. Binti wa mzee, anayeishi mji mwingine, amekwisha kumpata bwana mmoja anayefuga nyoka na kuwaonyesha watu kwa kiingilio. Bwana huyo yuko tayari kumchukua mwisho wa wiki. Binti hana ubaya, anamwogopea baba yake. Mzee amemwomba asubiri kwanza, daktari amwone.

Mwandishi alimuuliza kwa nini asikubali tu, apumzike.

"Hakuniachia wosia juu yake," alisema. "Lakini nyumbani pale, ukiniondoa mimi, huyu tu ndiye anayemjua mke wangu. Nikimtoa, nitabaki kumkumbuka peke yangu."

Fundo la foronya limefunguliwa. Mama Taratibu haingizi mkono. Anaikunja foronya polepole kwenda chini, kama unavyomvua mtoto soksi, mpaka Mshipi anabaki amejiviringa juu ya meza, mviringo mmoja mzuri, kichwa kimefichwa katikati.

Kisha anapitisha mikono kutoka pembeni, chini kwa chini, anamwinua kwa katikati ya mwili. Hili ndilo jambo la kwanza analomfundisha kila mtu, na halifundishi kwa maneno mengi. Anasema kila kinachomla nyoka humjia kutoka juu. Mwewe hutoka juu. Ukipeleka mkono wako kutoka juu, basi kwa wakati huo wewe ni mwewe, hata kama una nia njema kiasi gani.

Jambo la pili ni kwamba mwili wote uwe na pa kuegemea. Mtu akimkamata nyoka shingoni na kumwacha aning'inie, anaweza kumuumiza mgongo, na nyoka mwenye hofu ya kuanguka ndiye anayekaza na kuuma. Kwa hiyo Mama Taratibu anaugeuza mkono wake wa kushoto kuwa tawi. Mshipi anajizungusha hapo, anatoa ulimi, anaonja hewa, anatulia.

Ndipo anapokwenda kwenye kichwa. Kidole gumba upande mmoja wa taya, kidole cha kati upande wa pili, cha shahada juu, katikati ya macho na shingo. Habani. Nguvu anayotumia ni ile ya kushika yai bichi.

"Haya, daktari," anasema. "Yuko tayari. Tusimcheleweshe."

Ukimwona hivyo utadhani alizaliwa akifanya kazi hii. Thubutu. Aliingia hapa kama mfagizi, na alikuwa akiwaogopa nyoka kama watu wengine wote wenye akili timamu.

Siku ya kwanza ilikuja kwa ajali. Nyoka mmoja alichomoka kwenye mfuko, watu wakatoka mbio, na aliyekuwa wa mwisho kutoka akavuta mlango nyuma yake. Mama Taratibu alikuwa ndani, ameinama na tambara la kupigia deki. Kitasa cha ndani kilikuwa kimevunjika siku nyingi.

"Watu husema nilikuwa jasiri," anasimulia. "Jasiri wapi? Walinifungia."

Alipiga mlango mpaka akachoka, akakaa chini na kulia. Nyoka alikuwa chini ya sinki, amejikunja, na ndivyo walivyokaa, kila mmoja akimwogopa mwenzake. Hatimaye sakafu yenye unyevu ilimshinda nyoka kwa baridi, akaja akapanda kwenye mguu wake, akajilaza mapajani. Mlango ulipofunguliwa, daktari wa wakati ule aliwakuta hivyo, mama amenyamaza na nyoka amelala. Tangu siku hiyo, kila akiletwa nyoka, anaitwa yeye.

Kazi hiyo iliongeza kitu kidogo kwenye mshahara wake wa ufagizi, kidogo sana, mwenyewe anakiita hela ya sabuni. Lakini ilimpokonya kingine. Jioni na siku za mapumziko alikuwa akisuka nywele barazani kwake, na wateja walikuwa hawakauki. Habari za nyoka zilipofika mtaani, baraza likawa jeupe. Mteja mmoja wa siku nyingi alifika hadi getini, akamuuliza kama amenawa. Akamwambia amenawa. Mteja akajishika kichwa, akasema kumbe nywele zake bado hazijachakaa, akaondoka.

Anacheka anaposimulia, ila kicheko hakikai. Anakiri kwamba iliuma, kwa sababu kusuka alikupenda, na waliomkimbia walikuwa rafiki zake.

Mumewe, fundi mwashi, alianza kwa kulala ukingoni mwa kitanda. Siku hizi yeye ndiye anayejisifu kazini kwake. Ukimsikia akiwahadithia wenzake utadhani ni yeye anayewashika hao nyoka, na mke ni wa kumbebea foronya.

Turudi mezani. Daktari, kijana mpole mwenye miwani, amefungua mdomo wa Mshipi kwa kijiti laini cha plastiki na anamulika kwa tochi ndogo. Ufizi wa chini umevimba. Kuna kidonda chenye usaha, na meno mawili hayapo. Anamuuliza mzee huwa anamlishaje.

Mzee anajieleza kwa adabu, kila hatua. Hununua panya waliogandishwa, huwayeyusha kwenye maji ya uvuguvugu. Humbana panya kwa koleo refu la chuma, hufungua kizimba, halafu huingiza koleo akiwa amesimama mbali kadiri mkono unavyofika, uso ameugeuzia ukutani.

Daktari anazima tochi. Anamweleza, bila lawama, kwamba nyoka hufuata joto na harufu na hurusha kichwa kwa nguvu zake zote. Koleo likitetemeka, anaweza kumkosa panya na kugonga chuma. Inaonekana Mshipi amegonga chuma mara nyingi. Kula kukawa maumivu, naye akaacha kula.

Mzee anaitazama kofia yake.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemuumiza."

Mama Taratibu, kichwa cha Mshipi bado kiko vidoleni mwake, ndiye anayejibu.

"Ulimlisha, baba. Ulikuwa unaogopa, na ukamlisha hivyo hivyo. Wapo wasioogopa na hawalishi."

Dawa ipo na si ya ajabu. Kidonda kioshwe kila asubuhi, kipakwe dawa, mpaka kifunge. Shida ni kwamba kliniki haina chumba chenye joto la kumlaza nyoka, na kumsafirisha kila siku ndani ya foronya kutamchosha kuliko ugonjwa wenyewe. Lazima awepo mtu nyumbani wa kumshika kichwa. Mtu huyo asipokuwepo, basi yule bwana wa maonyesho aje amchukue.

Kila mtu chumbani anajua swali limeelekezwa kwa nani. Mzee anaweka kofia kwenye kiti. Anasogea. Ananyoosha mkono, na kwa kuwa amesikiliza vizuri, anaupitisha kutoka pembeni.

Mshipi, aliyekuwa ametulia muda wote, anakunja shingo na kutoa sauti ya pumzi kama tairi linalopungua upepo. Mzee anarudi nyuma mpaka ukutani.

"Amenikataa," anasema.

Mama Taratibu anakunja uso. Ananusa hewa mara moja, mara mbili, kisha anamuuliza mzee kwa sauti ya chini amejipaka nini.

Jibu la mzee linatoka kwa vipande. Asubuhi hii, kabla ya kuja, alifungua droo ya mkewe na kutoa mafuta yake ya waridi, akajipaka mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko. Si mara ya kwanza. Amekuwa akifanya hivyo jioni, anakaa mbele ya kizimba na kuweka kiganja kwenye kioo.

"Nilidhani akinusa atafikiri ni yeye amerudi," anasema.

Mwandishi wa makala haya aliitazama dari, na daktari akakumbuka kufuta miwani yake.

Mama Taratibu alimrudisha Mshipi kwanza ndani ya foronya, akafunga fundo, kwa maana hili halikuwa la kusemwa mikono ikiwa imejaa. Kisha akamwambia mzee jambo ambalo hakuwa akilijua. Marehemu alikuwa akimleta Mshipi hapa kila mwaka kupimwa, na walifahamiana. Kabla ya kufungua foronya, mama yule alikuwa akisimama kwenye sinki lile pale, anavua pete, anasugua mikono kwa sabuni ya kipande isiyo na harufu. Nyoka hunusa kwa ulimi. Kwake manukato ni kelele.

"Hayo mafuta alikuwa akijipaka mwishoni," akasema. "Akishamaliza na Mshipi, akijiandaa kurudi nyumbani. Alijipaka kwa ajili yako, baba. Mshipi hayajui kabisa."

Mzee aliinua kiganja chake puani. Alikaa nacho hapo muda, macho amefumba, na hakuna aliyemharakisha. Halafu akaenda kwenye sinki, akakunja mikono ya koti na kuanza kunawa. Alinawa huku machozi yakimtoka waziwazi, bila kujificha, na Mama Taratibu alisimama pembeni amemshikia taulo.

Alipokaa kwenye kiti kifupi, Mama Taratibu alimwekea Mshipi kwenye viganja, katikati ya mwili tu, huku mikono yake mwenyewe ikibaki chini ya ile ya mzee kuibeba isitetemeke. Mshipi alitoa ulimi. Akaonja kifundo cha mkono. Akaonja tena. Kisha akaanza kusogea bila haraka, akaingia ndani ya mkono wa koti kutafuta joto.

Mzee alikuwa amezuia pumzi. Aliiachia.

"Ni mkavu," alisema kwa mshangao. "Miaka yote hii nilidhani ana utelezi."

Kumfundisha kushika kichwa kuliwachukua mpaka karibu na mchana, huku daktari akiingia na kutoka kuhudumia wengine. Hapo ufundi saa ulimsaidia kidogo, kwa vidole vilivyozoea skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, ila mwanzoni alikuwa akibana mno. Mama Taratibu alimpa kidole chake mwenyewe akishike kana kwamba ni kichwa cha Mshipi. "Naumia," akamwambia. Mzee akalegeza. "Bado naumia." Akalegeza tena. "Sasa nakwenda zangu, umeniachia." Walirudia hivyo mpaka wote wawili wakacheka.

Aliondoka na dawa, na foronya ameipakata. Alimpigia binti yake simu pale pale mapokezi. Alimwomba amwambie yule bwana asije mwisho wa wiki hii. Binti akauliza, je, wiki ijayo? Mzee akasema hajui, ngoja kwanza kesho ipite.

Kesho yake asubuhi simu ya Mama Taratibu iliita akiwa bado anafungua kliniki. Mzee alikuwa ameiweka simu mezani, sauti juu, dawa kando, Mshipi mbele yake. Mshipi alikuwa amejiviringa na kuficha kichwa ndani kabisa, naye mzee alitaka kujua kama amfungue kwa nguvu. Aliambiwa aache. Akauliza afanye nini sasa. Akaambiwa akae tu, mikono iwe chini yake, na amsubiri.

Mama Taratibu alifagia chumba cha mapokezi simu ikiwa begani. Aliwapokea wateja wawili simu ikiwa begani. Upande wa pili hakukuwa na maneno, kulikuwa na saa nyingi za ukutani zikigonga kwa pamoja, ni nyumba ya fundi saa bwana, na pumzi za mzee. Mpaka sauti yake ilipokuja, ya kunong'ona, kwamba kichwa kimetoka, kwamba amekishika, kwamba dawa imeingia. Na mara ile sauti ikapanda: "Mama, amekubali."

Alipiga simu asubuhi iliyofuata, na nyingine, halafu akawa anasahau kupiga. Mama Taratibu anasema siku aliyosahau ndiyo alijua mambo yamekaa sawa.

Wiki kadhaa baadaye, mwandishi amerudi kwenye chumba kile kile. Mzee amekuja na Mshipi kwa ukaguzi wa mwisho, na safari hii anayenawa sinkini, anayefungua fundo na anayeshika kichwa ni yeye. Mama Taratibu amekaa kitini, mikono mapajani. Kidonda kimefunga. Mshipi anakula, kwa koleo lililovishwa mpira ncha zote mbili, na mlishaji siku hizi anatazama anakolisha. Binti naye alikuja kumtembelea baba yake, akaona, akampigia yule bwana wa maonyesho kumwambia asijisumbue tena.

Daktari anapotoka, Mama Taratibu anaonyesha kidole gumba chake cha kulia. Kiungo kimevimba. Miaka ya kushika vichwa kwa nguvu ya yai bichi imekichosha, na kuna asubuhi hakikunjiki. Hajamwambia mtu isipokuwa mumewe, na sasa gazeti zima.

Lakini hasikitiki sana, maana ana mpango. Anataka siku moja kila wiki, kliniki ikiwa haina wagonjwa wengi, chumba hiki kiwe cha watu wenye nyoka nyumbani na wanaowaogopa. Anasema ni wengi kuliko tunavyodhani: mjane, mjomba aliyeachiwa na mpwa aliyesafiri, mzazi ambaye mwanawe amekwenda kusoma. Kwa aibu, hawasemi. Wanalisha kwa koleo na kugeuza uso. Daktari ameshakubali, na siku imepangwa.

Mwandishi anamuuliza nani atawafundisha, ikiwa gumba ndilo hilo. Anamwonyesha mzee kwa kidevu.

"Mimi nimeshasahau kuogopa kunakuwaje," anasema. "Yeye bado anakumbuka. Mtu mwenye hofu akimwona yeye, atajaribu."

Ni wazi mzee alikuwa hajaambiwa. Anabaki amesimama, Mshipi amejizungusha mkononi mwake hadi kwenye kiwiko, na anamtazama Mama Taratibu kuona kama ni utani. Anauliza ni siku gani. Anaambiwa Jumamosi. Anauliza tena, kana kwamba hakusikia, na anaambiwa tena, taratibu.

"Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yangu ya kutoka na mke wangu," anasema. "Sasa huwa nakaa tu mpaka jua linazama."

Anamsogeza Mshipi vizuri, mwili wote upate pa kuegemea, na kwa mkono ulio huru anachukua kofia yake.

"Basi nitakuja mapema," anasema, "niwahi kunawa."